Maji ya Magoti

Mjukuu wangu Rukia,

Salaam aleikum. Huku Mji wa Kale tu wazima, ila kifua cha babu yako hakijapoa. Shangazi yako wa Makadara amejifungua mtoto wa kike.

Picha yako ya nambari changamano, zile zenye ukubwa na pembe, nimeiona. Wauliza kwa nini mwalimu wenu hatosheki na milima ya mchoro inayoonyesha ukubwa, mpaka aongeze rangi za kuonyesha pembe.

Kaka yangu Hamadi alikuwa akivuka maji pale Kibarani kwenda kukata kuni. Siku moja nilimsindikiza. Alichomeka fimbo majini, akacheka.

"Maji ya magoti, kama jana. Ningoje hapa."

Jana yake alivuka mapema, maji yakipwa. Siku hiyo tulichelewa, na maji yalikuwa yakijaa. Alipokuwa akirudi na mzigo wake, mkondo ulimchukua.

Matangani watu walimuuliza mama, "Mtu mzima afaje maji ya magoti?" Mama alikufa akijiuliza swali hilo hilo.

Miaka baadaye, chuoni, mhadhiri wetu alichora nambari kama hizo, nukta mbili juu ya duara moja ubaoni, akazipaka chaki za rangi tofauti.

"Ukubwa wao ni sawa," alisema, "lakini kila moja iko mahali pake katika mzunguko. Ukitazama ukubwa peke yake, hutajua iko wapi."

Nikaikumbuka fimbo ya Hamadi, nikalia mbele ya darasa zima. Yeye alidhani sijafahamu, akafuta ubao, akaanza kunieleza upya, polepole.

Akuombeaye kila swala,
Bibi Zuhura