Wino wa Kijani

Idara ya Upasuaji wa Moyo,
Ghorofa ya Tatu.
Jumatano, 10 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Shangazi alitulea kwa adabu, si kwamba leo unastahili. Wewe na wifi mu wazima huko? Watoto je? Mimi mzima. Shangazi anahema akienda hatua kumi, na hilo unalijua, ndiyo maana umenichafulia kazi.

Nani alikutuma umpigie simu mkurugenzi wa hospitali?

Ofisini kwangu kuna ubao wa foleni ya upasuaji. Jina likiandikwa kwa wino wa kijani, halifutwi na mtu ila mimi, na kalamu yenyewe naifungia kwenye droo. Miaka sita naongoza idara hii hivyo. Wakubwa wamekuja wamenuna, wakaenda zao.

Jumatatu natoka kwenye upasuaji uliochukua saa saba, miguu imevimba, nakuta droo imefunguliwa. Mtoto wa fundi cherehani, wa miaka minane, kafutwa, na mahali pake pameandikwa Shangazi, kwa kijani changu! Yule mtoto alikuwa hajala tangu usiku akisubiri nusukaputi. Wakamvisha nguo zake, wakamwambia arudi nyumbani. Baba yake tulipishana koridoni, akanitazama juu mpaka chini. Wauguzi nao wakainamia mafaili yao nilipoingia. Umenivua nguo, Kaka, mbele ya watu niliowafundisha kazi.

Nikiwa bado nimesimama pale na kifutio mkononi, akaingia Shangazi. Kapanda ngazi mwenyewe kutoka wodini, mkaidi yule, kwa sababu neno lilimponyoka muuguzi. Alishika meza kwanza apate pumzi.

"Mrudishieni mtoto zamu yake," akasema. "Mimi chumvi nimekula ya kutosha."

Akalifuta jina lake kwa kiganja.

Mkurugenzi nimempa yake, mbele ya katibu wake. Akitaka kunifukuza, anajua nilipo. Wazazi wa mtoto tuliwapigia simu wakamrudisha, na jana nimeliziba tundu la moyo wake. Leo asubuhi kaomba uji.

Shangazi zamu yake ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kilango cha moyo wake kinavuja vibaya, na sijui kama atafika. Basi njoo ukae naye, badala ya kupiga simu.

Nisalimie wifi, na mabinti wawili waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akulinde, na ulimi wako aulinde zaidi.

Nina hasira nawe bado. Lakini ujue na hili. Kile kifutio nilikuwa nimekishika muda mrefu kabla Shangazi hajaingia. Nililiona jina lake, nikafurahi, na sikufuta.

Mdogo wako, anayekupenda hata leo.