Mguu wa Reset Nisiouandika

Jumatatu, 7 Aprili

Bodi imenigomea tena! Nikichomoa umeme na kurudisha, inawaka vizuri. Nikiirestart tu bila kuchomoa – kimya. Jamani, kwa nini? Jumamosi inapaa na puto, ndani ya kisanduku changu cha kupima joto. Huko juu nani atachomoa waya? Dokta Adela, msimamizi wetu, kasema isipopita jaribio Ijumaa saa kumi, atafunga kwenye puto mfuko wa mchanga wenye uzito uleule badala yake. Mchanga! Miezi saba ya kazi yangu!

Jumanne, 8 Aprili

Nimeng'amua kwenye treni, nikapitiliza kituo changu cha College Park hadi Greenbelt. Ukirestart, prosesa inaanza upya, lakini chipu ya flash inayobeba programu haina habari. Imebaki kwenye anwani ndefu, prosesa inauliza kwa anwani fupi. Hawaelewani! Dawa ni flash nayo ianze upya – ina mguu wake wa reset, pini ya kuianzisha upya. Nikamuuliza Cheruiyot, Mkenya aliyechora bodi, kama aliuunga. Akacheka: aliuconnect kitambo, mimi ndiye sijaiambia Linux, mfumo unaoendesha bodi, kwamba upo. Kweli. Kwenye faili la maelezo ya bodi mstari huo haumo. Aibu yangu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeuandika. Balaa – sasa flash haionekani kabisa! Saa tatu nzima. Kumbe mguu huu unariseti umeme ukishuka, nami nimeandika ukipanda. Nimeikaba chipu koo muda wote huo! Nimegeuza neno moja. Restart ishirini, zote safi. Nimepiga kigelegele maabara nzima ikageuka.

Alhamisi, 10 Aprili

Cheruiyot kaniharibia chai. Anauliza, na Linux ikihang, yaani ikiganda, huko juu? Hapo ni watchdog, saa ya ulinzi, inayoipiga prosesa reset. Mguu wa flash atauvuta nani?

Mstari wangu unasomwa na Linux, na Linux ndiyo imezimia! Nimeigandisha makusudi. Kimya kilekile cha Jumatatu. Nimelia kidogo, chooni. Ila nataka kujua: reset ya prosesa inatokea wapi kwenye bodi?

Ijumaa, 11 Aprili

Inatokea! Prosesa ikipigwa reset, ishara hutoka kwenye pini ya pembeni kabisa. Cheruiyot kaungua kidole akiunga waya kutoka hapo moja kwa moja hadi flash. Njia ya zamani, ile iliyoongozwa na Linux, tumeikata kwa wembe. Mstari wangu nimeufuta, hauna kazi tena. Ajabu, sijaumia moyo.

Saa kumi kasoro dakika tano. Nimeigandisha. Dokta Adela kaingia na mfuko wake wa mchanga.

Taa ya bodi imezimika – watchdog imepiga. Sasa iwake. Cheruiyot ananiambia niache kuandika, nitazame. Siwezi kutazama! Dokta kauweka mchanga sakafuni, kainama karibu na taa – na uso wake umepata mwanga!