Ufunguo wa Babu Hippolyte

Bonde la Boghen,
Bourail, Kaledonia Mpya.
Jumapili, 25 Agosti 2019.

Mpendwa binamu Fulbert,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua, wewe uliyejichagulia baridi ya Brest kule Ufaransa kwa akili zako mwenyewe. Goti linaendeleaje? Na yale meno mapya, umeyazoea au bado unayavua wakati wa kula? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila jicho la kushoto limeingia ukungu na la kulia linaanza kumwiga mwenzake. Ng'ombe wamebaki kumi na wanne. Maharage yangu yameliwa yote na kulungu, na bunduki wamenificha. Wanasema sioni.

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Habari hii ni yako pia, maana babu ni wetu sote.

Unaukumbuka ule ufunguo wa chuma kwa dada Ernestine, uliokuwa ukining'inia juu ya meza ya kulia, kati ya pembe za kulungu na picha ya Bikira Maria. Tangu tunanyonya tumeambiwa ni wa Babu Hippolyte, askari jela wa kisiwa cha Nou, kule Ufaransa ilikowatupa wafungwa wake, aliyekuja huku kwa hiari yake, nauli akalipiwa na serikali. Hiyo ya nauli ni kweli. Na unajua watu wa Bourail tulivyo. Ukitusikiliza mezani, kisiwa kile kilikuwa na askari elfu kumi na mfungwa mmoja tu, naye alikufa bila kuzaa. Babu wa mtu haulizwi.

Sasa nikwambie. Mwaka 1974, wiki aliyokufa, baba alinishika shati akaniambia Babu aliletwa kwa minyororo, na kwamba Ernestine asijue kamwe. Sababu unaijua. Mwaka 1958 Ferdinand Lacombe alikuja kumposa, na dada alikuwa anampenda mpaka anaunguza mchuzi. Akamkataa kwa kuwa babu yake Ferdinand alikuwa mfungwa. Alimwambia pale mlangoni, sote tukisikia, "Damu ya askari haichanganywi na ya mwizi." Baba alikuwa amekaa pale pale anachonga mpini wa shoka. Hakuinua uso. Dada hakuolewa tena. Mimi nimwambieje kwamba alimwacha mwanamume yule bure? Nikanyamaza. Miaka arobaini na mitano, Fulbert, mimi ambaye siwezi kutunza siri ya bei ya ndama.

Mwezi uliopita dada, na miaka yake themanini na saba, akaamua ufunguo aupeleke kwenye makumbusho ya kisiwani kabla hajafa, uwekwe kwenye kioo na kadi yenye jina la babu na cheo chake. Nilimwambia gari bovu. Akaja akaliwasha mwenyewe. Nikauficha ufunguo chini ya kuku anayeatamia. Akautoa, akaupangusa kwa aproni, akaniambia, "Kuku wako ametaga chuma, Tofi. Vaa viatu."

Njia nzima alikuwa na ufunguo mapajani, amevaa ile kofia ya buluu ya misa za Pasaka. Mimi nikaendesha polepole kama nimebeba mayai, nikiomba gurudumu lipasuke. Halikupasuka. Na kisiwa chenyewe siku hizi hakina hata heshima ya kukuchelewesha kwa mashua. Walishajaza mawe baharini, unaingia kwa gari hadi mlangoni.

Mwenye makumbusho tuliyemkuta ni Sidonie, mama wa Kikanaki, mwenyeji wa asili wa nchi hii, kutoka Houaïlou, miwani ameipandisha kwenye nywele.

"Sisi ni wajukuu wa askari," dada akasema kabla ya salamu.

"Karibuni, bibi. Askari hapa wamejaliwa wajukuu wengi," Sidonie akasema. "Sisi wenzenu hatuna meli ya kujisifia. Tulikuwa pale ufukweni tunawatazama mkishuka."

Nikacheka. Dada akanikanyaga.

Sidonie akaleta kitabu cha askari ili anakili tarehe za babu kwenye kadi. Nikaanza kukohoa. Kikohozi hakikumshtua mtu, nikaongeza kizunguzungu. "Dada, dunia inazunguka, turudi nyumbani."

"Kaa kitini izunguke vizuri," akanijibu bila kugeuka.

Kidole cha Sidonie kikashuka kwenye majina ya V, kikitafuta Vauquelet. Vasseur. Vaudry. Verdier. Kikapanda, kikashuka tena. Nikasikia saa ya ukutani, na sikujua kama ukuta ule una saa.

"Pengine walimkosea jina," nikasema.

Sidonie akanitazama, akamtazama dada na kofia yake, akaelewa. Akakifunga kitabu taratibu. "Mvua iliharibu kurasa nyingi, bibi. Tutaandika kama unavyosema." Ningeweza kumbusu yule mama miguu.

Lakini dada si mjinga, hajawahi kuwa. "Kuna kitabu kingine?"

Sidonie akaishusha miwani kutoka kwenye nywele, akaanza kuifuta.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Kipo."

"Kifungue."

Kilikuwa cha wafungwa, na haikuchukua hata dakika. Nambari 18642, Vauquelet Hippolyte, mhunzi wa Limoges, miaka minane ya kazi ngumu, kisha asirudi Ufaransa maisha yake yote. Kosa: kutengeneza funguo bandia. Sidonie akaomba auone ufunguo wetu, akaugeuzageuza. Funguo za askari ziligongwa namba, akasema. Huu hauna. Akaangalia huku na huku, akaujaribu kwenye mlango wa ghala la unga la wafungwa. Ukazunguka. Mlango ukafunguka kama wa jana, ukanuka vumbi na panya.

"Mzee hakulala na njaa," Sidonie akasema kwa sauti ndogo.

Dada hakucheka. Alinigeukia mimi, na wala hakuwa na hasira, ndicho kilichoniogopesha.

"Ulijua, Tofi?"

Ningeweza kudanganya. Unanijua, nadanganya hata nikiulizwa kama nimekula. Nikasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu baba afe."

Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Ferdinand alioa themanini na moja."

"Ndiyo."

"Miaka saba," akasema. Akaacha ufunguo pale kwenye mlango, akaenda kukaa garini.

Toka siku ile hakunisemesha. Kilomita mia na sitini za kurudi, neno hakuna. Siku kumi na tisa, neno hakuna, na nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa michungwa tu. Nilikuwa namwekea maziwa mlangoni kila asubuhi, jioni nayakuta kwenye ngazi zangu yameganda. Nilisimama chini ya dirisha lake nikaimba zile nyimbo chafu za jeshini ambazo humfanya atoke na ufagio. Hakutoka. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli, Fulbert. Nilijiona nakufa na dada yangu anasali rozari ya kunizika bila kuniaga.

Leo baada ya misa nikamkuta amekaa kwenye gari langu, kofia ya buluu kichwani.

"Nipeleke kwa Ferdinand."

"Kufanya nini?"

"Wewe utabaki garini."

Ferdinand, kama hukusikia, alifiwa na mkewe mwaka juzi, anaishi karibu na daraja, na masikio yamefungwa kama duka siku ya sikukuu. Nikasimamisha gari langoni. Ng'ambo ya barabara watu waliotoka misani walikuwa wanacheza mchezo wa kurusha tufe za chuma, nusu ya Bourail, kofia zao za Jumapili vichwani. Dada akapanda ngazi za baraza, akasimama mbele ya kiti chake, akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Eeh?" Ferdinand akaweka kiganja sikioni.

Akarudia. "Eeh?"

Dada akavuta pumzi. "Babu yangu alikuwa mfungwa. Kama wako. Nimekuja kuomba radhi."

"Nani amefungwa?"

"BABU YANGU! MFUNGWA! MWIZI WA FUNGUO!"

Tufe zikasimama. Siri ya miaka mia na thelathini, binamu, ilivuka barabara ikaingia kwenye kila sikio la bonde hili isipokuwa moja. Ferdinand akatikisa kichwa, hajapata, akamwomba aseme tena. Akasema tena. Mimi nilikuwa nimeshanyemelea kutoka garini nikajibanza nyuma ya nguzo ya baraza, na hata kwa jicho langu hili moja nilimwona yule mzee anavyotafuna mashavu kwa ndani asicheke. Alisikia tangu mara ya kwanza, mwanaharamu. Akamsogezea kiti. Nikarudi garini nikamsubiri dada saa mbili na nusu, na hakuna aliyeniletea hata kahawa. Tulipoondoka akaniambia, "Maziwa ya kesho usichelewe nayo."

Sidonie anataka sahihi za wajukuu wote kabla ya kuandika kadi. Karatasi ipo ndani ya bahasha. Weka yako. Na ile picha ya babu sebuleni kwako, yale maneno ya askari uliyoyachongesha chini ya fremu, tafuta msumeno.

Nisalimie shemeji Yvonne, na Gildas, na yule mjukuu wako aliyepaka nywele kijani, mwambie bado namtafutia mume mwenye ng'ombe. Mungu akulinde na barafu na ngazi, akuache uzeeke kwa ubishi.

Mimi binamu yako, nakupenda ingawa huandiki,

Théophile Vauquelet,
mjukuu wa 18642.