Chenga za Kabaidi

Nyumba ya pili nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 14, saa kumi jioni.

Mpendwa dada mkubwa,

Pokea salamu tele kutoka kwangu na wote waliomo humu ndani. U hali gani? Mguu wa shemeji umepona? Na wapwa zangu, bado wanagombania kulala upande wa dirishani? Sisi kwa jumla ni wazima, ila mdogo wetu, kitindamimba wetu, ameungua mkono. Usishtuke, unapona. Nimeketi kukueleza ilivyokuwa, maana chanzo ni mimi.

Dada, niseme ukweli mapema: namwonea wivu mtoto yule. Si wivu wa kutaniana. Ni kijicho cha kweli, cha mtu mzima ambaye alipaswa kuona haya. Nilimpokea mimi, nikamfundisha kuchomelea vyuma bila kuunguza nyusi zake, na leo wateja wakiingia karakanani wanauliza, "Yule mdogo yupo?" Nami nimesimama papo hapo mbele yao.

Kisa chenyewe ni kabaidi, yale mawe ya kijivu tunayotia kwenye mtungi wenye maji ili yatoe gesi ya kuchomelea. Kwa miaka kumi na tisa mikono yangu imejua kwamba mawe makubwa hutoa gesi kwa utulivu, na kwamba chenga na vumbi la chini ya pipa havitiwi kamwe. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Mwezi uliopita mzee mwenye karakana aliuliza, na mdogo wetu akachukua kipande cha sabuni na kisu. Akakikata mara mbili, mara nne, akionyesha kwamba kila panapokatwa panatokea uso mpya. Jiwe zima, akasema, maji huligusa kwa nje tu, na sehemu ya ndani husubiri zamu yake. Ukilivunjavunja, karibu lote linakuwa nje, maji yanaligusa kwa pamoja, na gesi inatoka kwa mkupuo na joto lake. Mzee alibaki kinywa wazi. Tangu siku hiyo mdogo wetu anaitwa Profesa. Mimi niliyeyajua hayo kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu, bado naitwa "wewe pale".

Ijumaa tulikuwa na mageti mawili ya kuchomelea, moja langu, moja lake, kila mtu na mtungi wake. Mzee alikuwa amesema kwamba atakayetangulia kumaliza kazi safi ndiye atakayekuwa msimamizi. Kufika saa tano yeye alikuwa mbele, tena anapiga mluzi. Mluzi ule uliniuma kuliko cheche. Moto wangu ukaanza kufifia, na mawe mazuri yalikuwa upande wake. Kumwomba nisingeweza. Nikachota chenga, kopo zima, nikazitia. Nilitaka watu waone kwamba Profesa ni mwongo, na huku najua fika kwamba si mwongo.

Mtungi ukaanza kunguruma. Nilipougusa, mkono ulirudi wenyewe. Niliganda kama mtu wa siku ya kwanza kazini. Yeye akazima moto wake na wangu, akawafukuza watu nje, akarudi kufungua koki ya mtungi wangu ili gesi itoke. Maji ya moto yakaruka, yakamwunguza mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kiganja. Mtungi ukatulia. Bila yeye usingekuwa unasoma barua hii.

Mzee alikuja mbio, akauliza ni nani aliyetia chenga. Kabla sijafumbua mdomo, mdogo wetu akasema, "Mimi, mzee. Nilikuwa najaribu."

Mzee akamwambia asirudi hata mkono ukipona. Kisha akanigeukia, akanikabidhi funguo za karakana. Nilizitamani miaka mingi funguo hizo, nami nikazipokea.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini. Akasema tu, "Wewe una watoto wanne, kaka," akaomba chai. Sasa wifi yako anamlisha kwa kijiko ingawa mkono wa kulia ni mzima, na watoto wanagombania kumpepea. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona wivu tena. Wema ule ulimjia papo kwa papo, na mimi haukunijia kabisa.

Kesho asubuhi nitamfuata mzee kwake, nimrudishie funguo na kumwambia ni mimi. Akinifukuza, basi. Barua hii naitumbukiza kwenye sanduku la posta sasa hivi, ili kesho nikishikwa na woga, wewe uje kujua tu.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu, na shangazi mnayeishi naye. Mola awape afya na riziki ya amani.

Nina ombi moja. Najua utataka kumsifu, na anastahili. Mwandikie barua yake peke yake. Katika yangu nigombeze utakavyo, ila yeye usimtaje.

Nikupendaye siku zote,
Mdogo wako wa kati.