Mama Wawili kwenye Karamu ya Yuliana

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, maana nina furaha kubwa lakini imekuwa kama wali ulioingia mchanga, nautafuna na siwezi kuutema.

Mimi ni Modesta, mke wa Andrea, tunakaa huku milimani juu ya Matombo, na mtoto wangu wa kwanza, Yuliana, mwezi ujao anatimiza miaka ishirini. Sisi Waluguru hatukuwa na desturi ya kuifanyia karamu siku ya kuzaliwa, lakini Yuliana anafundisha wasichana kushona kule misheni Morogoro, na masista wamemzoesha mambo hayo, basi akasema mwaka huu anataka tule pamoja nyumbani, nami nikakubali kwa moyo mweupe, kwa sababu nikimtazama alivyo, mpole, mcheshi, anapanda mlima na kikapu kichwani huku anaimba, nasema Mungu wangu, huyu ndiye yule aliyezaliwa mwaka wa nzige, wakati hata migomba ilikuwa imebaki mifupa!

Nilimzaa njiani, mshauri, tukiteremka Mkuyuni kutafuta chakula, na homa ikanishika palepale, maziwa yakakauka, sikumjua mtu wala sikujua kama nimezaa, na Andrea akambeba mtoto akipita mlango kwa mlango mpaka kwa mwanamke mmoja Mwislamu, Mwanaheri, aliyekuwa amemzika kichanga chake siku zile zile, naye hakuuliza ukoo wala dini, alimpokea mtoto akamweka kifuani. Alimnyonyesha miezi mitatu. Nilipopona alimleta mwenyewe, amemfunga kwa kaniki yake, akaniwekea mapajani, akasema, "Mwanao huyu, anapenda kulalia ubavu wa kushoto," kisha akaondoka wala hakugeuka nyuma.

Tangu amepata akili Yuliana humwita mama, na kila akipita Mkuyuni hulala kwake, nami sikuwahi kumkataza. Sasa tulipokuwa tukipanga karamu akaniambia, "Mama, nataka mama Mwanaheri akae kulia kwangu na wewe kushoto." Nikamwuliza kwa nini yeye kulia. Akacheka, akasema, "Basi kaeni mtakavyo, mimi nawataka wote wawili." Kaka yangu Alois alikuwepo, na unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno, akasema kwa ukali, "Mtoto wa ukoo wetu ana mama mmoja. Huyo mwanamke aje ale, akae na majirani." Nami nilinyamaza, mshauri, nilinyamaza kwa sababu maneno yale yalikuwa matamu masikioni mwangu.

Maneno hayatulii, yakateremka mlima mpaka sokoni Mkuyuni. Jumamosi Andrea akarudi na salamu za Mwanaheri: "Mwambie mama Yuliana karamu iwe ya heri, lakini mimi sitakuja, nisije nikamchafulia mzazi furaha yake." Yuliana aliposikia hakulia wala hakunigombeza, aliweka chini nguo aliyokuwa akiishona kwa ajili ya siku ile, akasema, "Basi na karamu tuiache."

Andrea anasema hawezi kumfungia mlango mtu ambaye yeye mwenyewe alimkimbilia akiwa na mtoto mikononi, Alois anasema nikilegea nitamvunjia heshima, na mimi najiuliza, hivi ni dhambi mama kutaka siku moja tu awe mama peke yake? Nisaidie.

Modesta, Matombo

JIBU

Mama Yuliana, marahaba, na hongera. Kuzaa mwaka ule na kumfikisha mtoto miaka ishirini, hilo peke yake linastahili ngoma.

Hapana, si dhambi kutaka. Moyo wa mzazi una wivu wake, na anayekuambia hana wivu huyo hajazaa. Lakini tazama ulichofanya! Mwanamke aliyetoka kuzika alimpa mwanao maziwa ya marehemu wake, akamzoea, kisha akamrudisha kwa mikono yake mwenyewe bila kudai kitu. Leo amejirudisha nyuma tena ili wewe ufurahi. Mara mbili amekuachia mtoto. Wewe umeshindwa kumwachia mkeka?

Kwa dini yake, mtoto aliyemnyonyesha ni mwanawe wa ziwa, udugu usiovunjika. Hakuubuni Yuliana.

Sasa sikiliza. Kaka yako mheshimu, mwambie hivi: "Kaka, mambo ya ukoo ni yako, ya posa ni yako. Shukrani ya maziwa ni yangu." Usibishane naye zaidi ya hapo. Akinuna, mpelekee chakula kizuri, atakunjua uso.

Kisha teremka Mkuyuni wewe mwenyewe. Usimtume Andrea, usimtume Yuliana, maana aliyenyamaza ni wewe. Usibebe zawadi kana kwamba unalipa. Ingia, msalimu, sema, "Nimekuja kukuchukua." Akikataa kaa hapo hapo, umsaidie kupepeta mchele mpaka akubali. Mwombe aje siku moja kabla, na kuku achinjwe na Mwislamu mwenzake, asije akashinda njaa katika karamu ya mwanawe, na pombe iwekwe mbali na mkeka wake. Habari ya kulia na kushoto waachieni watoto. Nyie kaeni pamoja, Yuliana akae mbele yenu awaone wote.

Na njia ya kupanda kwenu ni ndefu, msiipande kimya. Mwulize Mwanaheri, mtoto alicheka lini mara ya kwanza, alikuwa akibembelezwa kwa wimbo gani. Wewe ulikuwa umelala na homa, hujui. Miezi mitatu ya mwanao iko kwa Mwanaheri peke yake, na nadhani amengoja miaka ishirini umwombe akusimulie.