Usiuze Gurudumu la Mashine ya Baba

Qurum, Maskati

Kaka Yohana,

Shikamoo. Kama yule mnunuzi wa vyuma chakavu yupo hapo uani, mwambie arudi alikotoka! Halafu ndiyo tusalimiane. Goti la mama linaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku unatoka jasho hata ukiwa umekaa.

Kaka, simu yako iliniumiza. Kuhangaika kote kule kufufua mashine ya baba ya kusaga kwa nguvu ya maji, kuzibua mfereji, kuunda gurudumu jipya, halafu siku ya kujaribu mahindi yanatoka chenga za kulisha kuku na watu wanacheka! Nililia jikoni. Unajua nilitegemea mashine hiyo ndiyo inirudishe nyumbani, tusage wote. Uliposema unauza vyuma, nikajua basi tena, nasaini mkataba mwingine wa kazi za ndani.

Sasa sikiliza. Ijumaa Bibi Zuwena, mama wa bosi wangu, alinichukua hadi kijijini kwao, milimani. Yeye alizaliwa Unguja, Kiswahili chake raha kukisikiliza. Kumbe kando ya mto wao kuna mashine za maji za zamani, na zimefufuliwa! Moja juu, nyingine chini yake, maji yale yale yanazisukuma zote. Nilipiga kelele mpaka dereva akadhani nimeumwa na nge.

Msagaji alikuwa amelipindua jiwe la kusagia la juu, analigonga kwa tindo na nyundo. Nikamwuliza bibi, mbona analiharibu?

"Analiharibu wapi, mwanangu? Analitia meno. Hebu pitisha mkono."

Nikapitisha. Vifereji vidogo vidogo, kutoka katikati mpaka ukingoni, vinakwaruza vidole. Ndipo nikaikumbuka ile picha yako, umeshika mashine ya kusugulia, mawe yanang'aa kama vigae vya hoteli, na sisi wote tukakusifu!

Bibi alipoiona kwenye simu alicheka mpaka akashika mbavu. "Lo! Nnakwambia, huyu kakaako kayang'oa meno yote! Mwambie ayachonge, unga atauona."

Wa kwao nimeushika, kaka. Laini, una vuguvugu, unanukia ngano. Nilitamani nikurushie mkononi.

Basi tafuta tindo leo leo. Mwite baba mdogo, si anachonga mawe ya misingi? Nakutumia video ya msagaji, muiangalie pamoja. Chongeni mawe yote mawili, na usininunie kwa kuwa nami nilikucheka na bibi.

Mpe mama pole ya goti. Msalimie wifi na watoto, na shangazi aliyecheka kuliko wote siku ile. Mwambie aandae mahindi yake.

Jana bosi aliniletea mkataba mpya. Nimemwambia hapana, ahsante, narudi nyumbani kusaga. Najua hujachonga hata mstari mmoja, kaka. Mimi nimeshasema.

Mdogo wako akupendaye,
Tumaini