Komando Aliyekufa Ukurasa wa Tisa

Jumatatu, 12 Mei 2025

Treni imefika jana! Imetoka Lubumbashi tangu Machi, imelala porini, imeamka, imelala tena. Pamoja na saruji, chumvi na abiria waliokonda, imeniletea bahasha ya dada yangu Espérance: bede tano, vile vitabu vya hadithi za picha. Zote za mashujaa wenye nguvu za ajabu. "Mpya kabisa," ameandika Espérance. Moja ina kalenda ya mwaka juzi kwenye jalada la nyuma. Haya, hapa Kindu kipya ni kile kilichofika.

Mkurugenzi wetu wa redio, Ismaël, amefurahi kama mtoto. Anataka nichambue moja kila siku, saa kumi na moja jioni, robo saa tu, kabla ya matangazo ya vifo. Nimemwuliza tena: kitabu cha picha nitakisomaje redioni? Akanijibu kama siku zote: waambie watu unachokiona. Ndiyo kazi yangu. Nilifundisha Kifaransa miaka kumi na mbili, sasa ninaeleza rangi ya kaptura za watu wasiokuwapo.

Ya leo ni Mtu-Umeme. Umeme unamtoka vidoleni. Anaruka juu ya mji wenye giza totoro, anapigana na jitu, anashinda, anaondoka. Mji unabaki gizani! Hakuwasha hata taa moja ya hospitali. Nimesema hewani: shujaa wa namna hii tunaye tayari, kila mwezi anapita mlangoni kudai bili.

Nimevuka mto kurudi nyumbani Alunguli. Louis, mume wangu, alikuwa barazani na transista yake. Anasema nimemwonea Mtu-Umeme, maana yule alikuwa peke yake na kazi ilikuwa nyingi. Louis huwahurumia wote. Yeye ni mtu wa reli. Treni ikija mara moja kwa miezi mitatu, anabaki kuhurumia watu wa kwenye karatasi.

Mama yake, mama Geneviève, yuko Obokote, na simu yake haipatikani tangu mwisho wa mwezi uliopita. Watu wanaotoka upande huo, wa Lubutu, wanasema vita vimekaribia na vijiji vingine vimekimbilia msituni. Louis ameuliza leo tena. Hakuna jipya.

Jumanne, 13 Mei

Leo nimechinja mtu, na nimefurahi.

Bede ya leo si ya Lubumbashi. Ni ya hapa hapa, ameichora Onema, kijana wa Mikelenge, akaitoa fotokopi na kunipa mlangoni mwa redio. Komando Mayi! Amenyunyiziwa dawa, basi kila risasi inayomjia inageuka maji. Michoro mizuri, siwezi kukataa. Lakini hadithi!

Sisi sote tunajua masharti ya dawa ya mayi, yaani maji. Tuliokuwa wasichana wakati wa vita vile vya mwanzo tuliyasikia kila siku. Aliyenyunyiziwa hampi mwanamke mkono. Hali sombe, yale majani ya muhogo. Halali na mke wake. Haogi na sabuni. Sasa tazama Komando wa Onema! Ukurasa wa tatu anampa mkono bibi wa chifu. Wa tano anakula sombe, sahani mbili. Wa saba yuko kitandani na mchumba. Wa nane anaoga, povu mpaka masikioni. Ukurasa wa tisa eti risasi zinageuka maji. Nimeuliza hewani: wapenzi wasikilizaji, kama sheria ni sheria, huyu si amekwisha kufa mara nne? Ukurasa wa tisa ilibidi uwe matanga!

Simu zilijaa. Ismaël alikuwa anacheka mpaka miwani ikadondoka. Watu waliomba nirudie masharti, moja moja, polepole. Nikarudia. Wengine wakaomba tena, nikarudia tena. Sijawahi kupata wasikilizaji namna hii, hata siku ya bede ya mpira.

Onema hakukasirika. Amenishukuru kwa heshima, akasema toleo la pili atasahihisha.

Jumatano, 14 Mei

Mama Radi. Imetoka Kinshasa. Anaruka na sketi fupi, nywele hazichafuki. Anaokoa Kinshasa. Kila mara ni Kinshasa inayookolewa! Majitu yakitula sisi huku, nani atachora? Nimesema hivyo hewani. Simu mbili tu leo, na moja ilikuwa ya mtu anayeuliza masharti ya jana. Nimemwambia bede ya jana ni ya jana.

Nyumbani nimepika sombe na samaki, mawese ya kutosha, kama anavyopenda. Louis hajagusa. Tumbo, anasema. Tumbo gani? Muda si mrefu nikamwona nyuma ya nyumba anajichomea mihogo. Nikampelekea chumvi. Badala ya kuipokea akaniambia niiweke chini. Chini, kama ninalisha kuku!

Nimeiweka chini, nikaingia ndani.

Alhamisi, 15 Mei

Bede ya leo haina mwisho. Kurasa za nyuma zimechanwa, nadhani abiria mmoja alifungia karanga zake. Shujaa anaitwa Chuma Cha Usiku, amefungwa minyororo ndani ya maji, anahesabu pumzi... basi. Nitachambua nini hapo? Nimesema anaelekea kufa na kwamba simlilii.

Ya nyumbani ni mabaya zaidi. Louis analala kwenye mkeka sebuleni. Hataki kunigusa. Na ananuka! Mtu niliyemjua kwa usafi wake, kola nyeupe hata siku ya kupakia makaa. Sabuni iko palepale, kavu. Asubuhi nimemweleza jirani yangu Mamy. Amecheka, amesema tumbo la namna hiyo huwa lina jina la mwanamke na nyumba kule ng'ambo, mtaa wa Kasuku. Nikavuka mto na jina hilo kichwani, natafuta ni la nani. Mtu wa kunihangaisha nimemtungia uso, nywele, mpaka viatu. Mwanaume mwenye mpango wa kando kwa kawaida huongeza sabuni, hapunguzi. Mchambuzi mzima sikuona hilo.

Jioni, wakati wa kurudi, Tambwe, mwenye mtumbwi, ndiye aliyenivusha. Huyu Tambwe ananivusha tangu nianze kazi ya redio, na tukifika ng'ambo hunipa mkono nishuke maana ukingo unateleza. Leo nimenyoosha mkono, yeye amerudisha wake nyuma. Nimeingia matopeni mpaka magotini, bahasha juu. Nilimwuliza kama amelewa.

"Mama, mukono hapana," akasema, na aliona haya kweli. "Njo weye mwenyewe ulisema ku redio. Siye wote tulisikia."

Nilisimama ndani ya yale matope. Sombe. Mkono. Kitanda. Sabuni. Nilihesabu masharti yangu mwenyewe, na kila moja lilikuwa na sura ya Louis.

Nimemkuta barazani. Sikuzunguka. Hakukataa. Kuna kikosi cha kujilinda kinakusanyika hapa Alunguli, kamyo inaondoka Jumapili kwenda Lubutu. Walinyunyiziwa Jumatatu, yeye na Alain mwenzake wa reli, na Tambwe, na wengine wengi. Mwenye dawa aliwatajia masharti haraka haraka, wakabishana njiani ni yapi. Mimi ndiye niliyewamalizia ubishi. Amenishukuru! Mume wangu amenishukuru.

Nimemwambia ni bede, ni kuchekesha watu. Nimemwambia ana miaka arobaini na tatu na goti bovu.

"Mama yangu iko Obokote, Mama Odette," akasema. "Minafanya nini hapa? Minangoja treni?"

Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni bado.

Ijumaa, 16 Mei

Leo sikuchambua bede. Nimekaa mbele ya mikro na nimesema jambo ambalo sijawahi kulisema hewani. Kwamba nilikuwa na kaka, Djo. Alikwenda vitani mwaka 2002, naye amenyunyiziwa. Alishika kila sharti, hata mama yetu hakumpa mkono wa kwaheri. Akasimama wima mbele ya bunduki kwa sababu aliamini, na risasi haikugeuka maji. Walioleta habari walisema labda aligusa msichana njiani. Mama alizeeka akimtafuta msichana huyo ambaye hakuwapo. Nikasema: baba zetu, waume zetu, msidanganyike.

Halafu simu.

Wa kwanza alinipa pole, akauliza kama siku ile mvua ilinyesha, maana labda dawa ilioshwa. Wa pili alisema kaka yangu lazima alikula kitu bila kujua. Wa tatu amenishukuru kwa kuwakumbusha vijana kwamba uzembe unaua!

Nimevua vile vifaa vya masikioni nikavitupa mezani. Ismaël aliweka muziki, halafu vifo. Aliyekufa alikosea, aliye hai alishika masharti. Bede ya namna hiyo utaichambuaje? Haina ukurasa wa tisa. Nimechoka. Nimechoka nao wote.

Louis alisikiliza. Nilipofika amesema pole kwa Djo, kwa upole wake ule ule. Akasema yeye atakuwa mwangalifu zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Bede mbili zilizobaki sijazifungua.

Nimefanya jambo.

Alain ndiye anayewapikia siku hizi, nyuma ya nyumba yetu, kwa sababu mkono wa mwanamke sasa ni sumu. Mchana amepika matembele. Alipokwenda kuchota maji nimechukua sombe iliyobaki ndani, iliyotwangwa laini, nikaitia kwenye sufuria yao. Majani ndani ya majani, mawese na pilipili juu. Nikakoroga. Vizuri, mazoea.

Mpango ulikuwa rahisi. Ale, nimwambie hapo hapo. Aliyevunja sharti haendi, anakaa nyumbani mpaka anyunyiziwe upya, na mwenye dawa amekwisha tangulia Lubutu. Atanikasirikia mwaka mzima. Akasirike! Mtu hai ndiye hukasirika.

Alikula. Aliongeza. Alimsifu Alain, akamwambia sasa anaweza kuolewa. Walicheka wote wawili. Tangu treni zilipopungua sijamwona Louis anacheka hivyo, mabega nyuma, kama enzi za sare. Akaanza kumweleza Odette, binti yetu, jinsi atakavyomleta bibi yake kwa pikipiki, mpaka hapa mlangoni, na mtoto akamwuliza atamkaribisha bibi na nini.

Nikaingia ndani kuosha vyombo. Sikusema. Nilisema nitasema jioni. Jioni nikasema nitasema asubuhi.

Jumapili, 18 Mei

Ninaandika juu ya gunia la mihogo, pembeni ya kamyo. Imepasuka tairi, ndiyo maana bado wako hapa. Hata vita vyetu vinangoja tairi.

Sijamwambia.

Siamini dawa. Siamini! Sombe ni sombe. Kama dawa ni uongo, basi nilichokitia kwenye sufuria ni mboga tu. Nimelirudia hilo tangu kulipokucha kama mtoto anayekariri. Na bado kila nikimwangalia naona nimemtoboa. Akianguka watasema alikula kitu bila kujua, na safari hii itakuwa kweli. Nitakuwa mimi yule msichana.

Lakini nimewaza hapa juu ya gunia, na hili ndilo nililopaswa kusema Ijumaa. Si sombe itakayomwua. Kitakachomwua ni kusimama wima. Asiyeamini hulala chini, hutafuta mti, hukimbia. Nikimwambia, haendi, au anaenda na woga wake, na woga utamlaza chini. Kwa vyovyote lazima nimwambie. Najua. Na nikimwambia hapa, mbele ya wenzake wa reli, nimemvua nguo. Na Alain naye alikula sufuria hiyo hiyo. Na mama Geneviève atabaki bila mtu anayemtafuta. Nani atanisamehe? Yeye, labda. Yeye huwahurumia wote.

Komanda wao amewapanga mstari. Anauliza kila mmoja kama yuko safi, kabla hawajapanda. Tambwe amesema yuko safi. Alain vilevile. Louis amejibu kwa sauti, kifua mbele, ananuka mpaka huku.

"Mi niko safi, Komanda."

Sasa amewageukia wake zao. Sikujua kama na sisi tunaulizwa. Anasema mke ndiye anayejua ya nyumbani, na mke akificha, damu ni juu yake. Bibi ya Tambwe amesema ni safi. Bibi ya Alain amesema ni safi, analia. Tairi limekwisha wekwa, wanafunga boliti.

Komanda amesimama mbele yangu. Ananiuliza ninaandika nini.

Louis amemjibu kabla yangu, kwa mbali, anatabasamu: "Muache, njo kazi yake huyu. Hakuna kitabu yenye inamufurahishaka."

Wamecheka wote. Komanda pia amecheka, lakini hajasogea, bado anangoja neno langu. Ninafunga daftari, ninasimama nimjibu.